Futi na Pima

Ulikuja Kiuyu kushona sare za harusi ya watu,
cherehani nyuma ya pikipiki, imefungwa kwa mpira wa baiskeli,
futi shingoni.
Wanawake thelathini na wawili tulipanga foleni barazani kwa Bikombo.
Ulinipima bega, ukaandika. Kiuno, ukaandika.
Mkono ukaupima mara mbili.
"Nimesahau," ulisema.
Hukusahau, Shaame. Hata Bikombo alijua hukusahau.

Harusi ikapita. Ukabaki.
Ukapanga chumba cha uani kwa Faki,
ukapandisha mapindo ya skuli nzima,
na jioni unakuja pwani mpaka mchanga unapoanza kulowa,
hapo hapo, si hatua moja mbele.
Mtoto wa Wete, bahari waijua kwa harufu ya samaki sokoni.
Nikitoka na gunia la mwani kichwani, maji yananichuruzika,
unaninyooshea mkono kutoka nchi kavu.
Nikacheka: "Wewe unapima kwa futi, mimi kwa pima.
Pima ni mikono miwili ikinyooshwa,
ndiyo ya kina, na ndiyo ya kumkumbatia mtu."
Ukasema utajifunza.

Basi ile Ijumaa.
Sheha alipita na kipaza sauti chenye mafua:
watu wa pwani wahamie skuli, kimbunga kinakuja.
Mbingu ilikuwa na rangi ya sufuria iliyoungua.
Nami nina kamba mia mbili majini,
mwani umenona, umebakiza siku tano uvunwe.
Ada ya mtoto, bati la jiko, deni la Bikombo,
vyote vinaning'inia kwenye taitai.
Nikaingia.

Uliniita. Nilikusikia.
Upepo ulilichana jina langu vipande, "Mi", "ze",
lakini nilikusikia.
Maji yakanifika goti, yakanifika kiuno, pale ulipopapima,
yakanifika kifua.
Nikakata kamba ya kwanza, ya saba, ya kumi na moja.
Vigingi vinang'oka kama meno ya utoto.
Wimbi likanifunika, nikanywa chumvi, nikaibuka,
nikageuka kukutafuta:
pwani hakuna mtu.

Nataka uijue hiyo. Sitaisema mbele za watu.
Nilitoka peke yangu, kwa magoti, na kamba kumi na nne,
miamba imenichora mapaja,
na kilichoniuma si miamba.

Skuli, darasa la nne, mabati yanaruka nje kama karata.
Nikakukuta sakafuni na cherehani yako.
Umeibeba kichwani kutoka kwa Faki, kwenye mvua ile.
Cherehani! Nikataka kukutemea mate.
Turubai lililoziba paa lilikuwa limechanika,
nawe unashona, mkono wa kulia unazungusha,
wa kushoto unatetemeka,
na chini yake amelala mzazi wa siku tatu na kitoto chake.
Hukuniangalia. Ulisema, sindano mdomoni:
"Niliingia mpaka magotini. Nikashindwa."
Hukutafuta maneno mengine.
Nikashika upande wa pili wa turubai.

Asubuhi bahari ilikuwa imetulia, haina haya,
imerudisha ndara moja na mlango wa mtu.
Shamba langu: vigingi sita.
Mwezi mzima sikukusemesha.
Nilifunga mbegu upya kibarazani,
na kila alfajiri nakuta mlangoni furushi la nyuzi
zilizokatwa sawasawa, shibiri moja moja,
ncha zimechomwa moto zisifumuke.
Sikuuliza. Mkono wa fundi naujua.

Leo bamvua, maji yamekupwa hadi mwambani.
Nimepiga kigingi cha kwanza, nikainua macho:
umekunja suruali ya kitambaa, futi shingoni,
umeshapita pale mchanga unapolowa.
Unakuja kama anayekanyaga mayai.
Maji ya kifundo. Ya muundi.
Ya goti, na hapo ukasimama,
nikaona koo lako linavyomeza.
Sikukuita. Sikusogea.
Nilinyoosha mikono yote miwili, pima kamili,
nikasubiri uhesabu.